Kilima cha Kokoto Kabla ya Magu

Niliacha shule darasa la sita, kabla mwalimu hajatufundisha kilima kinaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Asubuhi moja pale Igoma, nikinywa uji, nikagundua kwamba hata majabali yaliyo mbele ya macho yangu sijui niyaweke kundi gani. Nikatia daftari mfukoni, nikashika barabara ya Musoma kwa miguu. Mpango sikuwa nao.

Kufikia saa nne nilikuwa na makundi mawili: vilima vya mawe yaliyobebana, ambako hata mche wa muhogo haupati pa kusimama, na vilima vya udongo, vinavyolimwa hadi kileleni.

Mbele ya Kisesa, muuza miwa aliniona nikichora. "Mnapima tena?"

"Niko peke yangu, kaka."

"Hata wale walianza na mmoja." Muwa hakuniuzia. Kuanzia hapo baiskeli moja ikawa nyuma yangu. Nikisimama, nayo inasimama.

Saa tisa, kabla ya kufika Magu, nilikuta kilima kilichokatwa upande mmoja kama mkate. Chini yake wanawake walikuwa wakiponda kokoto. Nikaandika kundi la tatu: vilima vinavyoliwa. Kabla sijainua kalamu, mwenye baiskeli akalichomoa daftari mkononi mwangu, akawasomea kwa sauti.

Nyundo zikanyamaza.

"Kinaliwa na nani?" aliuliza mama mmoja, wenzake wakimwita Mama Kulwa.

"Shikamoo, mama. Mimi naandika tu..."

"Marahaba. Mwaka jana alikuja mwingine, na alisalimia vizuri kuliko wewe. Wiki ya pili tukakuta alama nyekundu kwenye jiwe, tukaambiwa tusiguse. Miezi mitatu tulilala na njaa. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Napenda kujua."

"Kujua!" Wakacheka. "Mwanaume mzima atoke Igoma kwa miguu aje kujua jiwe?"

"Lete viganja," akasema Mama Kulwa. Akavibonyeza kama anayechagua maparachichi. Sugu za kubeba magunia zilikuwepo, lakini hazikumtosha. Akanipa nyundo. "Ponda."

Pigo la tatu lilitua kwenye kidole gumba changu.

"Huyu si wa ofisini," akasema bibi mmoja. "Wa ofisini asingeshika nyundo."

"Wala si wa kazi," akajibu Mama Kulwa.

Mwenye baiskeli, kumbe ndiye mwenyekiti wa kitongoji hicho, aliyekuwa akirudi kutoka Kisesa, akatoa hukumu: "Mgeni halali hapa bila mimi kumjua. Utalala kwangu. Ila ukurasa huu haulali."

Nilibisha. Ukurasa huo ulikuwa na vilima vyangu vyote vya siku hiyo.

"Wewe utapoteza karatasi," akasema Mama Kulwa. "Sisi tutapoteza kilima."

Nikauchana mwenyewe. Akauchomeka chini ya kuni wanazowasha juu ya mwamba ili upasuke, akauwasha.

Jioni nilipewa ugali, dagaa na chumba chenye kitanda cha kamba. Nikajua kosa langu: niliuliza kilima ni cha aina gani kabla ya kuuliza nani anaishi kwacho. Mwenyekiti akanitakia usingizi mwema, akavuta mlango, na komeo likasukumwa kwa nje.

Sikugonga. Ningekuwa yeye, ningefunga vilevile.