Bei ya Vidole Viwili

Katika atelie ya papa, karakana ya baba yangu kule Nyalukemba, Bukavu, bei ya bulo, yaani bolti, haikuandikwa popote. Ilikuwa kwenye vidole vyake. Akimaliza kuchonga meno ya bulo kwenye mashini, aliitia ekru, ile nati yake, na kuizungusha kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiteremka bila kubishana, ikichezacheza kidogo, hiyo ilikuwa ya vidole viwili, bei ya kila mtu. Ikiteremka taratibu kama inapita ndani ya asali, bila kucheza hata chembe, tuliita ya asali, na mteja alijua bei yake itamuuma. Papa alikuwa ameshinda kutwa juu ya kipande kimoja, akikwangua chuma kidogokidogo na kupima, kukwangua na kupima.

Shida ni kwamba vidole vile vilikufa ganzi. Maisha mazima ya chuma na mafuta, ncha zikawa hazisikii tena. Wateja hawakujua. Tulikuwa na mchezo wetu: papa anazungusha ekru mbele ya mteja, anafumba macho kama padri, kisha ananipa, "Shika kidogo, nifute mikono." Mimi naizungusha. Nikikuna sikio, bado inabana. Nisipokuna, iko sawa. Kisha papa anataja bei kwa sauti ya mwenye mali.

Lakini mchezo una mwisho, naye alishaniambia wazi: "Nikikosa mutu wa kupima, nauzisha mashini." Niliitaka ile mashini kuliko nilivyowahi kutaka mume. Ila niliitaka kwa masharti yangu. Mimi nilisoma institi, shule ya ufundi, bwana. Nilijua kwamba ulegevu wa meno ya bulo una madaraja yake duniani kote, yana namba na herufi, wala hayapimwi kwa kufumba macho. Nikachukua katoni, nikaandika kwa kalamu ya feltre nyekundu: Ya kawaida. Nzuri. Ya juu kabisa. Bei mbele ya kila moja. Papa aliisoma, akasema, "Tundika. Tutaona."

Tuliona. Nani Bukavu hii atasimama mbele ya watu aombe ya kawaida? Mwenye pikipiki mmoja alitaka ya juu kabisa kwa ajili ya kufungia kipande cha bati nyuma ya kiti. Nilipomwambia bati halihitaji hivyo, akanuna, akaniuliza kama namwona masikini. Nami, nisidanganye, nilifurahi. Kila aliyesoma katoni alichagua juu, na mimi nilijiona nimefika.

Ndipo akaja maman mmoja kutoka Kamanyola, mteja wa papa wa tangu zamani, mwenye mashini ya kusaga unga. Bulo kubwa inayofunga kifuniko chake ilikuwa imeisha meno. Papa hakuwapo siku hiyo. Maman alisoma katoni, akanyoosha kidole palepale juu. Nilichonga siku mbili, umeme ukikatika nangoja, ukirudi naendelea. Ekru iliteremka kwenye bulo kama kitu kilicholala usingizi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile, na niliitoza bei yake yote.

Haikupita wiki mbili, akarudi. Kupanda kutoka Kamanyola mpaka kwetu si matembezi, ile barabara inakutoa roho. Papa alikuwepo safari hii, amekaa kwenye kisanduku chake. Maman akafungua mfuko wa plastiki, akatoa bulo yangu. Ilikuwa imekatwa vipande viwili kwa msumeno, ekru bado imeng'ang'ania.

"Mutoto, bulo yako iko muzuri sana," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. "Lakini haifunguke. Mutu analeta muhogo, mwingine analeta mahindi, kila saa nabadilisha chekecheo. Unga inaingia mu meno, inakamata. Watu wanangoja na mabeseni yao, wanachoka, wanaenda kwa jirani. Juzi ikakamata kabisa. Tukaikata."

Uso ulinishuka. Nilianza kueleza madaraja, namba, herufi, mpaka nikasikia mwenyewe ninavyosikika. Papa aliniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza anaifungua mara ngapi kwa siku?"

Sikumuuliza. Katoni yangu haikuwa na nafasi ya swali hilo. Nikakumbuka basi kwamba papa, kabla ya kuwasha mashini, huwa anazungumza na mteja mpaka unadhani amesahau kazi: kitu kiko wapi, kuna vumbi, nani anakifungua, ana haraka. Miaka yote nilidhani anapiga soga.

Nilichonga nyingine asubuhi hiyohiyo, ya kulegea, yenye nafasi ya unga kupita. Haikunichukua hata saa moja. Nikamrudishia maman pesa iliyozidi bei ya vidole viwili, bila kungoja kuambiwa. Kisha nikampa papa ile bulo, kama kawaida yetu. Aliizungusha ekru, akafumba macho. Nami nikajiweka tayari, mkono karibu na sikio.

Papa hakusema afute mikono. Alifumbua macho, akainuka, akaniwekea bulo kiganjani mbele ya maman.

"Pima weye," alisema. "Mimi vidole haisikie tena. Tangu mwaka uliopita ni yeye anapima, maman. Mimi nafanya tu teyatre, ni muchezo."

Niliizungusha ekru. Ikanigomea mara ya kwanza, nikaitoa na kuianza upya. Ikateremka yenyewe, ikichezacheza, mpaka chini.

"Iko sawa," nilisema.

Maman wa Kamanyola alinitazama, akamtazama papa, kisha akaichukua bulo na kuitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Nilijua," alimwambia papa. "Mwenye anakunaka sikio ni yeye, si weye." Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza, kwa heshima kabisa, ni faranga ngapi kwa bulo nyingine, ile inayoshika chekecheo.

Nikavuta kisanduku cha papa, nikakaa, nikamwambia anieleze kwanza anaitoa mara ngapi.