Mwaka Mume Wangu Alipoanza Kuchechemea

Kwanza ilikuwa kofia. Tangu nimjue, mume wangu hajawahi kuvaa kofia. Upara wake unang'aa juani na wala hajali. Halafu Jumatatu moja asubuhi namwona anatoka chumbani na kofia ya majani, upana wake kama sinia.

"Unaenda shuleni au shambani?" nikamuuliza.

"Jua la siku hizi kali, mama."

Haya. Nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kawaida yangu.

Wiki iliyofuata akaanza kuchechemea. Saluni yangu iko mbele ya nyumba, kwa hiyo barabara yote naiona. Anatoka mlangoni mzima kabisa, akifika kwenye kona anaanza kuburuza mguu. Jumanne aliburuza wa kushoto, Alhamisi wa kulia. Jamani, mgonjwa gani anasahau mguu unaomuuma?

Kisha yakaja maneno. Akinyoa ndevu bafuni namsikia mbele ya kioo: "Dunia duara, vijana! Dunia duaraaa!" Mara kwa sauti nzito, mara kwa kuvuta. Nikasema basi, huyu ana mtu. Mimi ni msusi, na mambo ya wanaume wanaoanza kujipamba wakikaribia kustaafu nimeyasikia kutoka vichwa vingi vilivyopita mikononi mwangu. Siku hiyo nikamsuka mteja mmoja mistari ikaenda upande.

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia. Shule ni hiyo hiyo moja, tangu kabla hatujampata kifungua mimba wetu. Watu humwita mpole. Mpole! Waulizeni walioishi naye. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi, na nikianza kusema jirani anazima redio asikilize vizuri. Sasa yeye, katikati ya maneno yangu, anavua miwani. Anashika pindo la shati, anaifuta polepole, anageukia dirishani na kutazama nje kama mtu anayesubiri mgeni. Akimaliza anaivaa, ananigeukia na kuuliza kwa upole, "Ulikuwa unasema?" Haki ya Mungu, ile miwani nimetamani kuivunja mara zisizo na idadi. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: maneno yako upepo, sijasikia hata moja, ukipenda anza upya.

Basi, siku moja akaja karani wa shule yao kusukwa. Nikamkalisha, nikashika nywele vizuri, nikavuta kidogo.

"Hebu niambie ukweli. Mume wangu ana nani huko shuleni?"

Alicheka mpaka machozi. "Hana mtu, mama. Ana Siku ya Kuiga."

Siku hiyo nilikuwa naisikia tu, sijawahi kwenda, maana huwa Jumamosi, na Jumamosi msusi hatoki. Karani akanieleza. Kila mwaka, wanafunzi wanaomaliza huwaigiza walimu wao jukwaani. Mmoja anatembea kama mkuu wa shule, tumbo mbele. Mwingine anakohoa kama mwalimu wa kemia. Walimu wanakaa safu ya mbele na kujifanya wamekasirika, kumbe wanafurahi, na aliyepigiwa makofi mengi hutamba wiki nzima kwenye chumba cha walimu.

"Na wangu?"

Karani akatazama chini. "Wako hajawahi kuigizwa. Hata mara moja. Kuna mwalimu wa muda alikaa muhula mmoja tu, akaigizwa anavyopiga chafya. Na huu ndio mwaka wa mwisho wa mumeo, si unajua?"

Kumbe kofia ni chambo! Na kuchechemea kote kule ni chambo! Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kila mwaka siku hiyo. Nikimuuliza ilikuwaje, anajibu "nzuri", anakula kidogo, anaenda kulala mapema. Huruma ikanishika, na hasira pia. Hao watoto wana macho kweli?

Jioni nikamwambia wazi, "Unataka kuigizwa, mwalimu."

Aliona haya kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Kisha akasema, "Anayeigizwa ni mtu aliyetazamwa. Miaka yote hii nimesimama mbele yao. Nataka kujua tu wameona nini."

Swali lake likanihamia: hivi, wameona nini? Nikisuka nawaza hilo, nikiosha vyombo nawaza hilo.

Jumamosi ilipofika nikafunga saluni, wateja wakanuna. Siku hiyo ukumbi wao wa kulia chakula ulikuwa umegeuzwa ukumbi wa maonyesho: meza zimeunganishwa kuwa jukwaa, shuka za bwenini zimetundikwa kuwa pazia. Nikaketi kando ya mume wangu, kofia yake magotini. Akapita mkuu wa shule na tumbo la mto wa kulalia, watu hoi. Akapita wa kemia na kikohozi chake. Akapita wa hesabu, wa michezo, hata mpishi na mwiko wake. Kila pazia likifunguliwa mume wangu anainuka kidogo kwenye kiti, halafu anarudi. Mshereheshaji akaanza kuwashukuru wageni. Nikamwona mzee wangu anazungusha ile kofia, anazungusha tu, na mimi nikawa natafuta kwa macho mtoto wa kumgombeza.

Ndipo akatoka msichana mmoja mwembamba. Hana kofia, hachechemei. Ana fremu ya miwani tu, haina vioo. Mwenzake alikuwa amekaa kwenye dawati.

"Mto huanzia wapi?" msichana akauliza.

Mwenzake akasimama mbio. "Baharini, mwalimu!"

Ukumbi ukacheka. Msichana hakucheka, wala hakukaripia. Alivua miwani. Akashika pindo la shati, akaanza kuifuta polepole, akageukia dirishani.

"Dirisha!" sauti moja ikaita kutoka nyuma, mara ukumbi mzima, "Dirisha! Dirisha!" wanapiga miguu sakafuni. Kumbe jina la utani analo siku zote! Pale kwenye dawati mwenzake anahangaika, anafunua kitabu, anajifanya kumnong'oneza wa jirani, anajipiga kichwa. Msichana bado anafuta, bado anatazama nje. Mwenzake alipopata jibu na kusimama wima, akavaa miwani, akageuka. Hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Ukumbi wote ulisema kwa pamoja:

"Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema mlimani, mwalimu."

"Vizuri sana. Keti."

Mume wangu alikuwa ameufunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Baadaye yule msichana alikuja kumpa mkono. "Kila mwaka walikuwa wanajaribu kukuigiza, mwalimu. Lakini kusimama kimya jukwaani kunatisha, wanaishia kucheka, wanaacha. Mimi nimeweza kwa sababu aliyesema baharini nilikuwa mimi."

"Jibu hilo silikumbuki kabisa," mume wangu akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, naye alitembea vizuri, miguu yote miwili mizima. Njia nzima anasimulia kama vile mimi sikuwepo. Kwa furaha ile ile akaingia ndani na viatu vyake vya vumbi, moja kwa moja juu ya sakafu niliyoipiga deki asubuhi.

"Wewe mwanamume, hivi una akili—" na nikaongeza neno ambalo silirudii hapa.

Akavua miwani. Akashika pindo la shati, akageukia dirishani. Nikatazama kule anakotazama. Hakuna kitu pale. Ni ukuta wa jirani tu, na kamba ya nguo. Ukuta huo ameutazama miaka yote hiyo kwa ajili yangu, na mimi muda wote nilioachiwa niliujaza kelele.

Safari hii sikuujaza. Nikapumua, nikaiangalia sakafu, nikamwangalia yeye.

Akavaa miwani, akanigeukia. "Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema hongera, mume wangu."

"Vizuri sana," akasema. "Keti."

Nikaketi.