Chumvi Katika Pipa la Kahawa

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini mtu anauzoea. Shida ni pale watu wanapokuja kukupangia la kufanya na umaskini wako.

Nilikuwa nachambua kahawa katika kiwanda cha Mhindi mmoja upande wa Nalufenya, pale Jinja. Kiwanda ni neno kubwa. Lilikuwa banda la mabati lenye pipa moja la chuma, limelazwa juu ya tanuri la kuni, na mkono wa kulizungushia. Sisi wanawake sita tulikaa chini kwenye magunia, tukitoa mawe, vijiti na punje zilizooza. Mhindi mwenyewe ndiye aliyekaanga, na yeye ndiye aliyeonja. Hakuwahi kutupa hata kikombe, nasi hatukuwahi kuomba. Kwetu Busoga kahawa tulikuwa tunaitafuna. Inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa, mgeni anatiliwa kiganjani. Kuisaga na kuinywa nyeusi yalikuwa mambo ya watu wenye meza.

Basi serikali ya wanajeshi ikawapa Wahindi siku tisini waondoke. Wetu aliondoka na masanduku mawili, na kazi yote ya kukaanga akaondoka nayo kichwani.

Wakati huo nilikuwa naishi Mafubira kwa shangazi, dada wa marehemu baba. Kwetu shangazi ndiye anayemtafutia binti mume, na huyu wangu alikuwa ameshapata. Alikuwa mzee muuza mkaa, mwenye wake watatu na jino moja la mbele.

"Jino ni moja lakini linafanya kazi," shangazi aliniambia.

"Shangazi, mimi nina kazi yangu."

"Kazi gani? Mzungu ameenda, Mhindi ameenda. Sasa hiyo kahawa utamchambulia nani? Kazi hiyo haina kesho. Krismasi ikikukuta umekaa bure, unakwenda kwa mzee."

"Na ikinikuta kazini?"

"Nitamwambia mzee asubiri Pasaka."

Ndivyo tulivyokubaliana, kama unaweza kuita hayo makubaliano. Nikikosa kazi, mimi ni mke wa nne kwenye mkaa.

Kiwanda akapewa afande mmoja kutoka kaskazini. Alikuwa mrefu, anaongea polepole, na buti zake ungeweza kujitazama humo ukafunga kilemba. Alisimama mbele yetu siku ya kwanza akalitazama pipa kama mtu aliyepewa tembo.

"Nani hapa anajua kupika hii kitu?"

Wenzangu ghafla wakaanza kuona mawe mengi sana kwenye kahawa. Wote wakainama. Mimi nikamfikiria mzee na jino lake, nikanyoosha mkono.

"Wewe mama, unajua?"

"Najua, afande."

"Ulisomea wapi?"

"Nyumbani."

Haukuwa uongo mtupu. Tangu nina miaka saba nilikuwa nakaanga njugu, na njugu zangu zilikwisha stendi ya mabasi kabla ya za wenzangu. Darasa la tatu niliacha shule nikiwa sijui kugawanya, lakini njugu hakuna aliyenifundisha mara mbili. Nikajiambia, kahawa ni punje, njugu ni punje, moto ni moto. Kuna nini?

Sasa mtu yeyote wa kwetu anajua njugu zinavyokaangwa. Unakoroga chumvi kwenye maji, unanyunyizia, unazisugua zipate vizuri, unaacha kidogo, ndipo unaweka motoni. Bila chumvi, hizo ni njugu za mgonjwa. Kwa hiyo nilibeba bakuli zima la chumvi ya shangazi bila kumwambia. Siku hizo chumvi ilikuwa adimu kama sabuni. Nikanyunyizia gunia la kahawa kwa mikono yangu, nikasugua, nikaingiza kwenye pipa, nikazungusha. Sikujua nitoe lini. Nilikumbuka tu kwamba kahawa ya Mhindi ilikuwa nyeusi, nikazungusha mpaka yangu ikafanana na buti za afande.

Nilijiona fundi. Hata kutembea nilianza kutembea vingine.

Afande alikuja na wenzake wawili kuonja. Kumbuka sukari ilikuwa imepotea madukani, na watu walikuwa wameshazoea kutia chumvi kwenye chai. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mazoea ya kunywa kahawa. Walikunywa, wakatazamana, wakakohoa.

"Hii iko na nguvu," afande alisema.

"Sana," akasema wa pili, machozi yamemjaa.

"Hii ni ya wanaume," akasema wa tatu, akaweka kikombe chini mbali kidogo na yeye.

Wiki ile ile magunia yakaanza kwenda kambini. Mimi nikapewa koti la kaki na kuitwa fundi. Krismasi ikapita, mzee akaambiwa asubiri Pasaka. Shangazi akanuna, tena kwa sababu mbili.

"Nyumba hii ina panya anayekula chumvi," alisema, akinitazama mimi.

"Labda ana mimba," nikamjibu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipokuja dereva mmoja Mkenya, wa malori ya njia kuu, kupakia magunia ya mfanyabiashara fulani. Alikuwa mlokole, mtu wa kuomba kabla ya kunywa hata maji. Nikamtilia kikombe kwa majivuno yangu yote. Akafumba macho, akashukuru kwa muda mrefu, akanywa. Akafumbua macho. Akachungulia ndani ya kikombe.

"Dada, hii ni kahawa ama ni supu ya mifupa?"

"Ni kahawa ya Jinja."

"Umeweka nini?"

"Vitu vya kawaida. Chumvi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mtu aliyetoka kuomba sasa hivi!

"Nani alikuambia kahawa inawekwa chumvi?"

"Na wewe nani alikuambia njugu haziwekwi?"

"Lakini dada, hii si njugu!"

Kabla ya kushika usukani alikuwa ameosha vyombo miaka mingi katika hoteli moja kwao, jikoni ambako kahawa ilikaangwa kila asubuhi. Alichota kahawa mbichi kiganja kimoja, tukawasha moto wa mafiga matatu nje ya banda, tukaweka kikaango. Hatukuweka chumvi. Aliinamisha sikio kama daktari.

"Sikia. Imepasuka. Inapasuka kama bisi zenye haya. Sasa isubiri ifike rangi ya ngozi yangu, halafu toa upesi."

"Kwa nini si ya ngozi yangu?"

"Ikifika kwako itakuwa imeungua."

Nilimpiga na koti la kaki. Lakini rangi aliitaja sawasawa, hilo siwezi kumnyima. Tukaisaga, tukachemsha, nikanywa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kunywa kitu nilichokuwa nakitengeneza kila siku. Ilikuwa chungu, kisha haikuwa chungu sana, kisha nikataka tena. Hapo nikashikwa na hasira. Miezi yote hiyo watu wananiita fundi, nami nilikuwa napika makaa yenye chumvi!

"Afande anajua?" dereva aliniuliza, hacheki tena.

"Hajui."

"Basi mimi nitaomba," alisema, akapanda lori lake.

Ningefanya nini? Nikisema, nanyang'anywa pipa, na mzee amekaa Mafubira anahesabu siku za Pasaka. Nikaamua kupunguza chumvi polepole, kila wiki kiasi kidogo, ili midomo ya wanajeshi isishtuke. Na moto nikaupunguza pia. Wiki ya nne afande aliingia bandani na kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

"Kahawa yako imepungua nguvu," alisema. "Nguvu inaenda wapi?"

"Haiendi popote, afande."

"Unapeleka ile nzuri magendo, Kenya. Na yule dereva."

Magendo ilikuwa kuvusha mali mpakani kwa siri, na wakati ule mtu akisingiziwa magendo aliingizwa nyuma ya gari na hakurudi kutoa maelezo. Nikaona heri nikose pipa kuliko kukosa kichwa.

"Afande, si magendo. Ni chumvi."

"Chumvi gani?"

Nikamwambia yote. Njugu, bakuli la shangazi, kila kitu. Nilimwambia hata habari ya mzee na jino. Alinisikiliza bila kupepesa macho, akakitazama kile kikombe.

"Mimi nilipelekea mkubwa wangu hii kahawa," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Mkubwa alisema ni nzuri."

"Ndiyo, afande."

"Mkubwa anaweza kukosea?"

"Hapana, afande."

Akafikiri. Niliona kabisa anafikiri, ilikuwa kazi ya kuonekana.

"Basi rudisha chumvi."

"Shangazi hana tena, afande."

Kesho yake asubuhi ikaletwa nusu gunia ya chumvi kutoka duka la jeshi. Nyumba ya shangazi ikapata chumvi ya kutosha baada ya miezi mingi, na panya akasamehewa.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Mahali ambapo hakuna anayeweza kumwambia mkubwa kwamba kahawa yake ni mbaya, fundi hatajifunza kitu hapo. Nikakaanga za aina mbili. Ya chumvi niliikaanga kwenye pipa kwa ajili ya kambi, na ile yenyewe niliikaanga kwenye kikaango changu, kiganja kimoja kila siku, naonja, nakosea, naonja tena. Pasaka ikapita, na Krismasi nyingine. Yule mzee alikuwa na subira, hilo nalo simnyimi.

Kisha wakulima wakaacha kuleta kahawa, maana waliona heri kulima mihogo ambayo hakuna askari aliyeitaka. Pipa likapoa. Afande akahamishwa, banda likafungwa kwa kufuli.

"Nilikuambia," shangazi alisema, wala hakuficha furaha. "Mzee ameshanunua godoro."

"Nipe wiki moja."

"Ya nini?"

"Ya kutafuta kesho."

Dereva ndiye aliyenipa habari ya mahali pengine pa kukaanga, Mbale, mji ulio chini ya mlima, upande wa viwanda, ambako mkaangaji wao alikuwa amekimbia nchi. Nikafika pale na kikaango changu ndani ya kitambaa. Msimamizi alikuwa Mgisu mfupi, mwenyeji wa huko, kofia yake kubwa kuliko kichwa. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa chumvi?"

Dereva yule mlokole! Alikuwa amenitangaza njia nzima, toka Jinja mpaka Mbale.

"Ndiye mimi."

"Basi niambie, mama, kwa nini nikupe pipa langu?"

"Kwa sababu kosa hilo mimi nimeshalimaliza. Huyo mwingine utakayemwajiri bado analo mbele."

Wachambuaji wakacheka. Yeye alijizuia, lakini kofia ilitikisika. Akanipa debe moja la kahawa ya mlimani nijaribu.

Sikugusa pipa. Nilikaanga kwanza kiganja kimoja kwenye kikaango, kwa kuwa kahawa ile sikuijua. Ilipoanza kupasuka niliruka nyuma. Ile yetu ya Busoga hupasuka kwa kunong'ona, lakini hii ililia ta! ta! ta! Nikawageukia wachambuaji.

"Nyinyi, mbona mmeacha mawe humu?"

"Mgeni," mmoja akaniambia, "hayo si mawe. Kahawa yetu inaongea kama sisi wenyewe."

Nikakaanga kiganja cha pili, nikaisikiliza vizuri sasa, kisha debe zima kwenye pipa. Nilipoitoa, nikasaga, nikachemsha, nikakinywa mimi kikombe cha kwanza.

"Mbona unaonja kabla yangu?" msimamizi akauliza.

"Mara ile sikuonja."

Alikunywa cha kwake mpaka chini, akageuza kikombe kuona kama kimebaki kitu.

"Anza Jumatatu," alisema.

Nikamtumia shangazi ujumbe. Alikaa mwezi mzima bila kujibu, kisha akaniagiza nimtumie kahawa. Godoro lilikwenda kwa mjane mmoja, na nasikia aliishi na mzee vizuri. Watu huniuliza kama niliolewa na dereva. Hapana. Mdomo ule ungenimaliza. Niliolewa na fundi wa matanuri, mtu mkimya, Mungu amrehemu.

Siku hizi vijana wanakuja kuniuliza kama kukaanga kahawa ni kazi yenye kesho. Wamesoma, wana simu inayowaambia joto la pipa, na bado wananiuliza mimi wa darasa la tatu. Nawajibu kwamba kazi hii nimeambiwa imekufa na serikali baada ya serikali, na kila asubuhi kuna mtu anataka kikombe. Kisha nawauliza, kahawa yako uliinywa leo? Wengi wanasema wanakunywa soda. Hao nawaambia waende wakauze soda.

Mimi leo ninavyo hivi. Nyumba ya matofali, vyumba vitano, Mbale. Kiwanja Mafubira. Mapipa mawili ya kukaangia, moja la kuni, moja la gesi. Kinu cha umeme. Ekari mbili za mibuni mlimani. Wanawake saba wachambuaji, ambao si mali yangu lakini wananitegemea. Ng'ombe watatu, mmoja mkorofi. Watoto wanne, wote wamesoma kunishinda. Pikipiki moja, ambayo siwezi kuiendesha.