Mtori wa Machame

Siku tatu sikulala vizuri kwa ajili ya sentensi ya fomu ya utafiti niliyomsomea binti wa miaka kumi na saba: utakachosema hapa ni siri. Iliyofuata ilisema, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini. Sasa nani anapima hatari? Mimi, mwenye shahada ya kwanza na kazi ya muda ya kuwahoji watu wanaojinyima chakula?

Aliniambia huku akicheka kidogo. "Dada, mtori wangu wa ndizi huliwa na ng'ombe. Mama akiona bakuli tupu anamshukuru Mungu."

Mama yake alishukuru kweli. Kanisani alitangaza kwamba binti anafunga mchana kwa ajili ya mtihani, jioni anakula vizuri. Waumini walimsifu binti. Mimi nilikuwa nimemwona binti huyo akishika ukuta ili afike zizini, nyuma tu ya jiko.

Nikisema, hatamwamini tena mtu. Nisiposema? Labda ni mwembamba tu kwa asili. Nilimwandikia ujumbe daktari anayesimamia utafiti, nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta.

Siku ya nne nilipanda tena Machame. Jua lilikuwa kali, na binti amevaa masweta mawili. Nilimshika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo. Yalikuja polepole mno, nikadhani nimeyapoteza. Nilienda kwenye migomba nikampigia daktari.

"Mlete leo," alisema. "Na wasimshindilie chakula. Moyo unaweza kushindwa."

Nilirudi kwa binti kwanza. "Namwambia mama sasa hivi. Ungependa uwepo?"

"Ulisema siri."

"Nilikusomea na sentensi ya pili."

"Niliisikia," akasema.

Mama aliposikia alimtazama ng'ombe, si sisi. "Ndiyo maana maziwa yameongezeka," alisema taratibu. Kisha akachota mtori, bakuli likajaa hadi ukingoni. "Leo atakula mbele yangu mpaka amalize."

"Mama, naomba usimpe." Niliweka mkono juu ya bakuli. "Mwili wake umekaa na njaa muda mrefu. Chakula kingi kwa ghafla kinaweza kumuua. Hospitali wataanza na kidogo kidogo."

"Mtori umuue mtu? Mwanangu, tunawapa hata wanawake waliotoka kujifungua."

"Huyu ni mgonjwa, mama. Hafungi."

Aliliweka bakuli chini. Nilimwita bodaboda, nikaona binti hawezi kujishikilia, nikaomba gari la jirani. Nilimpa mkono kumwinua. Aliukwepa, akashika wa mama yake, nami nikapanda nyuma pamoja nao.