Akina mama walivyoweka zamu ya kumwaga kikopo cha mvua

Wakuu, hamjambo.

Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya lawama ni yangu, kwa hivyo sina sababu ya kuyatia chumvi.

Miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu milimani, ng'ambo ya Kangundo. Shule yetu ikaletewa rain gauge.

Kwa asiyeijua: ni mkebe wa shaba wenye faneli juu na chupa ndani. Mvua inaingia kwenye chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unamimina yale maji kwenye glasi yenye mistari, unasoma milimita, unaandika kwenye fomu. Kazi ya dakika tano. Nilipewa mimi kwa sababu nilifundisha sayansi.

Kijijini waliuita "kikopo cha Mwalimu". Hakuna aliyeniuliza ni cha nini, na mimi sikumwambia mtu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, lishikeni.

Novemba moja mvua ilianza vizuri sana. Usiku mabati yanapiga kelele hadi huwezi kulala. Asubuhi natembea kwenda shule na matope yamenishika viatu kama yananidai. Nafungua chupa: kavu.

Naandika sifuri.

Siku mbili baadaye, mvua tena, sifuri tena.

Nikadhani imetoboka. Nikaijaza maji Ijumaa jioni, usiku huo mvua haikunyesha, Jumamosi nikapata yote yamo. Nikadhani ni mbuzi wanaiangusha. Nikazungushia miiba, nikachomwa mikono yote miwili. Jumatatu mvua ilinyesha. Chupa kavu. Miiba iko sawa, mkebe umesimama wima, nadhifu kabisa.

Wiki tatu wakuu, naandika uongo kwa mwandiko mzuri!

Basi siku moja nikafika saa kumi na mbili na nusu. Nikamkuta Mama Ndunge, jirani wa shule, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Ameinamisha chupa yangu juu ya sukuma wiki ya shule.

"Mama Ndunge, unafanya nini?"

"Nakuoshea kikopo, Mwalimu. Kilikuwa na maji."

"Hiyo si ndiyo kazi yake, kuwa na maji?"

"Aiya! Hapo ndipo mimi na wewe tunakosana."

Akaweka chupa chini, akaniambia bila aibu yoyote. Kwenye baraza, naibu wa chifu alikuwa amesema kwamba mwaka huu wilaya itaangalia vipimo vya mvua kabla ya kuandika orodha ya mwolyo, yaani chakula cha msaada. Akina mama wakapiga hesabu yao.

"Kikopo kikishiba, sisi tunalala njaa," akasema.

"Na mmekuwa mkimwaga kila siku?"

"Mimi si kila siku! Mimi ni Jumatatu na Alhamisi. Siku zingine uliza wenye siku zao."

Kumbe walikuwa na zamu. Kile kikundi chao cha mwethya, cha kuchimba matuta pamoja shamba kwa shamba, kilikuwa kimegawana siku za kumwaga data yangu. Mwethya wa kweli, hakuna aliyekosa siku yake. Kamati yetu ya shule haijawahi kupangwa vizuri hivyo.

Nikafoka. Nikawaambia mvua ikiwa nzuri mtavuna, mwolyo wa nini? Waliacha. Kwenye fomu, kando ya zile sifuri, nikaandika kwa ukweli: "maji yalimwagwa".

Sasa sikilizeni.

Mwanzoni mwa Desemba mvua ilikatika. Mahindi ndiyo kwanza yanatoa maua, na hapo ndipo yanahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Tangu siku ile chupa ilikuwa kavu bila mtu kuigusa. Niliandika sifuri hadi kalamu ikachoka. Sifuri halali, kila moja.

Februari afisa wa kilimo akaja na makaratasi yake. Kata yetu haikuwa kwenye orodha. Kwa kuwa fomu zetu zilikuwa na kasoro, walitumia vipimo vya mjini, na mjini mvua ya mwisho wa mwaka ilikuwa nzuri.

Nikamwonyesha sifuri za Desemba. Akaziangalia, akaangalia za Novemba.

"Mwalimu, hapa unasema sifuri na kulikuwa na matope. Hapa unasema sifuri na kulikuwa na ukame. Mimi niamini sifuri gani?"

Nikaziweka fomu mezani.

Mama Ndunge alikuwa mlangoni. Alienda shambani kwake, akarudi na hindi moja, refu kama kidole gumba, lina punje sita. Akaliweka juu ya fomu.

"Hii hakuna mtu ameimwaga," akasema.

Afisa akatembea naye hadi shambani, na si shamba hilo moja tu. Kwa haki yake, akatuandikia barua. Tukaingia orodha ya pili. Chakula kilifika Aprili, mvua nyingine imeshaanza. Kufikia hapo Mama Ndunge alikuwa ameuza mbuzi wake wa pekee wa maziwa, yule aliyekuwa akiwanywesha wajukuu.

Wakuu, hadi leo hasira zangu sijui nizielekeze wapi. Kwa baraza lililosema nusu ya jambo? Kwa wenye zamu? Kwangu mimi niliyesoma mkebe ule kila asubuhi na sikuita hata mzazi mmoja kumwambia kwamba siku kavu pia inaandikwa, na kwamba ndiyo ingewatetea?

Nilichojifunza: chombo cha kupimia ukikiweka katikati ya watu bila kuwaeleza, watajieleza wenyewe, na maelezo yao yatakuwa na mantiki yake.

Kama kwenu kuna kipimo kilichowahi kuogopwa hivi, tupia hapa tusome.

Msimu uliofuata mwethya walirudisha zamu, siku zile zile, safari hii ya kulinda. Jumatatu ya kwanza Mama Ndunge alinisubiri hadi saa tatu kamili, akainama, akachungulia glasi.

"Leo hakuna kitu. Andika, Mwalimu. Na uandike kwamba nilikuwepo."