Siku Binti Yangu Alipomsahihisha Direkta

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu hapa Kalemie, siku direkta wa shule alipotuita wazazi pamoja na watoto. Alizungumza sana juu ya iniforme, zile sare za shule. Alipotua kunywa maji, mtoto wangu akasimama, akasema kwa ile sauti yake iliyonyooka: "Direkta, hilo umelisema mara tatu. Tulikwisha kulisikia."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akanung'unika, "Mutoto kama huyu, mama yake njo anamufundisha." Nikamvuta binti yangu mpaka nje, uso ukiniwaka.

"Mama, nilihesabu vibaya?" akaniuliza.

Hakuwa anacheza. Alitaka kujua kweli.

Kesho yake mwalimu wake akaja nyumbani. Kabla hajakaa, nilishaanza: "Madamu, utusamehe."

"Sikuja kwa mashitaka, Mama. Nataka kujua kwa nini analia wenzake wakisoma wote kwa sauti."

Nikamwambia. Tangu mvua za mwaka uliopita daktari alishatueleza: mtoto ana Asperger, akili yake ni nzima, ila kelele na mambo ya ghafla vinamuumiza, na maneno ya watu anayachukua jinsi yalivyo. Mume wangu aliogopa watasema ni mtoto wa uchawi. Mimi niliogopa zaidi yake. Tukanyamaza.

Mwalimu akanitazama. "Mama, ungeniambia. Nimemukalisha katikati ya kelele mwaka muzima."

Nilikuwa nikijiambia kwamba namficha ili kumlinda.

Jumatatu mwalimu akamhamishia kwenye benchi la kando ya ukuta. Kila asubuhi akaandika pembeni mwa ubao somo gani litafuata lipi, na likibadilika, anamnong'oneza kwanza. Akamfundisha kuinua mkono na kungoja. Kulia kukapungua, ingawa siku za mtihani kulirudi.

Baadaye mwalimu akaniomba niwaeleze wanafunzi wenyewe. Nikasimama mbele yao, nikasema masikio ya mwenzao yanasikia kupita kiasi. Binti yangu akainua mkono, akangoja.

"Si masikio tu, Mama. Hata pua. Kitenge chako kinanuka ndagala, zile samaki ndogo, njo maana sikai karibu."

Darasa zima likacheka. Haya ikanipanda mpaka shingoni. Mwalimu akanionyesha nafasi kwenye benchi la nyuma, nikaenda kukaa, na somo la hesabu likaanza.