Mlango wa Nyuma wa Mama Kufuli

Mama Kufuli ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Funguo zilimlia kiunoni kama njuga, na kila mlango aliopita aliutikisa kidogo kuhakikisha umefungwa. Jina hilo alipewa na wapangaji wake, naye aliliitika bila kinyongo.

Nyumba yenyewe, ya ghorofa tatu, ilikuwa gesti ya marehemu mumewe. Alipobaki mjane akabomoa kuta, akaongeza majiko, akapangisha familia. Na jamani, tumpe haki yake, mwenye nyumba alikuwa wa kupigiwa mfano! Mitungi ya kuzimia moto kila korido, ving'ora vya moshi kila dari. Ole wako uache baiskeli kwenye ngazi, utaikuta barabarani.

Tatizo lilikuwa mlango wa nyuma, pale ngazi ya dharura inapoishia. Huo aliutia kufuli. Mwizi aliwahi kupita hapo akaondoka na cherehani yake, ile iliyomsomeshea watoto wote, na uchungu wake haukumtoka.

"Mama, mlango huu ufunguke kwa ndani bila ufunguo," alisema bwana zimamoto alipokuja kukagua. "Tia komeo la kusukuma. Aliye nje hataufungua, hata afanyeje."

"Mwanangu, tahadhari kabla ya hatari. Moto ukitokea nitafungua mimi. Funguo si hizi hapa?"

Bwana zimamoto hakubishana. "Haya, Jumamosi tujaribu."

Jumamosi asubuhi akafunga kitambaa chekundu kwenye ngazi ya mbele, akatangaza kwamba pale panaungua, akapuliza filimbi. Watu wakatoka wakitaniana, wakateremka ngazi ya nyuma. Kinyozi wa chini alitangulia mlangoni. Mama Kufuli, anayekaa juu kabisa, akawa wa mwisho.

"Nipisheni!"

"Tukupishe twende wapi, Mama?"

Ngazi ilifurika, hata sindano haipiti. Akavua funguo kiunoni, zikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa kinyozi.

"Upi?"

"Ule mdogo wa shaba!"

"Mama, zote ndogo za shaba!"

Wakacheka. Kinyozi akajaribu mmoja, akajaribu mwingine. Vicheko vikapungua. Joto likapanda, mtoto akaanza kulia, mtu akamsukuma mwenzake.

Dada mkubwa wa Mama Kufuli, mkaazi wa ghorofa ya pili mwenye ulimi usiojua likizo, alikuwa amebanwa katikati. Akainua uso.

"Hongera, mdogo wangu. Tumekufa wote, lakini mwizi hakuingia."

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Mama Kufuli hakucheka. Alivitazama vichwa vyao kutoka juu, kimoja kimoja, akaona aibu, kisha akashikwa na hofu, hofu ya kweli, akakaa pale pale kwenye ngazi.

Kufuli lilipokubali mwishowe, aliagiza fundi aitwe siku hiyo hiyo. Komeo lilipokaa sawa, hakulijaribu mwenyewe. Alimwita dada yake, ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi.

"Sukuma."

Dada akasukuma kwa kiwiko. Mlango ukafunguka.

"Tena."

Ukafunguka.

"Tena."

"We mtoto, hujaridhika tu?"

"Bado," alisema Mama Kufuli, machozi yakimlengalenga. "Sukuma tena, dada."